Kuku wa Miguu Mitano

4 Februari

Mume wangu mdogo, Makaa,

Marahaba, maana najua hata huko uliko umeshaniamkia. Mimi mzima, goti tu ndilo lina maneno. Anayeandika ni Mama Fundi wa ng'ambo ya barabara, yule yule wa cherehani. Mimi kalamu sijawahi kuishika ila kumwokotea mwenyewe ikianguka. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipake manukato.

Barua yako imesomwa mara tatu. Ya kwanza ya kusikia, ya pili ya kufurahi, ya tatu ya kumringia jirani yetu muuza mkaa, aliyesema siku ile mbele za watu kwamba mchoraji ni mvivu aliyepata cheo. Nikamwambia, haya, tega sikio: mjukuu wangu kaajiriwa na watu wa barabara, kazi ya rangi na brashi! Akabaki mdomo wazi, nzi wanaingia na kutoka bila hodi.

Lakini wewe nawe, umeandika "kazi ya rangi" ukaishia hapo, kama mtu aliyeitwa katikati ya tonge. Unachora nini? Watu? Miti? Magari? Nieleze, mimi ndiye mwenye haki ya kujua. Mama yako alipoenda kutafuta maisha, akayapata bila sisi, aliyebaki na wewe ni nani? Nani aliyekuta siku moja makaa ya pasi yake yamepungua, na ukuta wa barazani una kuku mweusi mwenye miguu mitano? Nilikuchapa, nakumbuka. Nikakuuliza kuku gani ana miguu mitano, ukajibu huku kamasi zinakutoka: "Anakimbia, Bibi." Nikaenda uani kucheka ili usinione. Ulisema ukikua utachora watu wote wa dunia mpaka waishe.

Kuku yupo bado, nyuma ya meza yangu ya pasi. Kila mwaka napaka chokaa ukuta mzima, namzunguka yeye. Nimemtundikia kitambaa asiingiwe na vumbi.

Na mimi nikuambie langu, kwa kuwa leo nina furaha. Barabara hii ilipopasuliwa mara ya kwanza nilikuwa kigori, nikaona greda. Mtu mmoja amekaa juu, ardhi yote inamtii! Nikasema, nikikua nitaendesha lile. Baba yangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nikakua, nikapewa pasi. Nayo ina moto, ina uzito, inalainisha palipokunjamana. Tofauti ni kwamba haifiki mbali.

Jibu upesi.

Bibi yako (dole gumba hilo hapo, usidhani ni doa)

*Mama Fundi naongeza: hongera mwanangu. Mimi nilitaka kuwa muuguzi, sasa nawashonea wauguzi sare zao. Afadhali wewe uliyekaribia.*


26 Februari

Bibi, shikamoo sana. Shikamoo na Mama Fundi.

Goti lisikie salamu zangu. Mimi niko salama.

Umeuliza nachora nini. Nachora alama, Bibi. Za barabarani. Unajua nilivyohangaika na mabango ya maduka. Nilikuwa na vinyozi wangu, mabucha yangu, kila mwenye duka akinijua. Ikaja mashine ya kuchapa mabango ya plastiki, ndani ya saa moja mtu anatoka na kichwa cha kinyozi kinachong'aa kuliko kinyozi mwenyewe. Brashi zangu zikakauka kwenye kopo. Kwa hiyo ilipotokea nafasi hii sikuuliza mengi.

Tuko wawili. Mpimaji anatangulia na futi kamba na orodha, mimi nafuata na ndoo. Rangi ni moja tu, nyekundu. Kinachochorwa ni kimoja tu. Mkono wangu umekizoea, siku hizi nakimaliza kabla sijamaliza pumzi.

Juzi mama mmoja aliniletea maji ya kunywa nikiwa naanza kazi ukutani kwake. Alidhani natangaza sabuni. Aliniuliza, "Utachora na povu?" Niliyanywa yale maji yote, Bibi. Sikujua la kufanya na bilauri, nikaondoka nayo.

Tunaifuata barabara kuu. Kila wiki tunasogea.

Mjukuu wako,
Makaa


11 Machi

Makaa,

Mama Fundi anasema muhuri wa barua hii ni wa mji wa karibu zaidi kuliko ule wa kwanza. Basi wewe unakuja! Barabara kuu ndiyo hii hii inayopita mlangoni kwangu, labda kama wameninunulia nyingine bila kuniambia. Chumba chako nimekifagia. Godoro nimelianika, limetoa vumbi la tangu hujaota ndevu.

Hayo ya rangi moja usiyahuzunikie. Hata mimi nina pasi moja. Lakini bilauri, mwanangu, hurudishwa kwa mwenyewe na ahsante. Nilikulea.

Huku kuna vituko. Wamekuja watu wawili wenye kofia ngumu, wakapima, wakapigilia vigingi vyeupe mbele ya nyumba yangu na za wenzangu upande huu. Nikawauliza ni vya nini. Mmoja akasema, "Ni vya maendeleo, mama." Nikamwambia sawa, na mimi nina kamba ya kuanikia, mbona vinafaa. Sasa mashuka ya nyumba ya wageni ya mjini ninayoifulia yanakauka juu ya maendeleo.

Ukifika nataka unichore. Pale pale kando ya kuku pana nafasi. Nichore nimekaa juu ya greda. Usinipunguze tumbo, watu wasije wakasema siyo mimi.

Bibi yako


2 Aprili

Bibi, shikamoo.

Kaa chini kwanza. Mama Fundi, tafadhali soma polepole, usiruke kitu.

Mimi sichori. Napiga X. X nyekundu kwenye kuta za nyumba zinazotakiwa kuvunjwa ili barabara ipanuliwe. Mistari miwili na namba chini yake. Siku ya kwanza nilipiga kumi na tisa. Mzee mmoja aliniomba nisubiri kidogo asogeze kiti chake, rangi isije ikakidondokea. Alikisogeza, akakikalia, akanitazama hadi nikamaliza. Kisha akasema, "Umenyoosha vizuri."

Yule mama wa maji, nilipomaliza akaona siyo sabuni, hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Mimi huomba radhi kwenye kila mlango, Mpimaji ananicheka, anasema nimekuwa kama mtu wa kuuza misamaha.

Sasa lenyewe. Nimeiona orodha ya mwezi huu. Upande wa kushoto, namba mia mbili kumi na nne. Imeandikwa: nyumba ya udongo, bati, baraza moja, mkazi mmoja mwanamke, dobi. Bibi, ni wewe. Upande wa Mama Fundi haukuguswa, barabara inalalia kwako.

Nilimwendea Mpimaji. Nikamwambia ile ni nyumba ya bibi yangu. Siyo mtu mbaya, ana watoto wake. Akakunja orodha akasema, "Barabara haina bibi." Nikaenda ofisini kwa mkuu wake, nikakaa kwenye benchi siku mbili. Siku ya tatu wakaniambia mkuu amesafiri, na alikuwa anapita mbele yangu na kikombe cha chai.

Nikikataa, atapiga mwingine. Nikikubali, nitapiga mimi. Nyumba inavunjwa kwa vyovyote. Ile ndoto yangu ya kuchora kuta, Bibi, imetimia, na haya ndiyo matunda yake.

Niambie nifanye nini. Ukisema nisije, siji. Ukisema nije, nitakuja na chochote utakachosema.

Makaa wako


10 Aprili

Makaa,

Barua yako imefika, kurasa mbili, mbele na nyuma. Mama Fundi kanisomea. Anasema u mzima, kazi inaendelea, unanisalimu mimi na goti langu, na unauliza hali. Basi. Nikasema, mjukuu wangu siku hizi ana salamu ndefu kweli, zinajaza kurasa mbili.

Mama Fundi ana mafua. Macho mekundu, sauti inakatika katika. Nimempa maji ya moto.

Sina mengi. Nina moja, na yeye aliandike nilivyolisema: ule ukuta wangu asiuguse mtu mwingine ila wewe. Umesikia? Mkono utakaotia rangi pale uwe ni huo niliouchapa. Mtu mwingine simtaki, hata awe fundi wa mafundi. Njoo na brashi nzuri. Chakula kipo, godoro lipo, mimi nipo.

Usichelewe.

Bibi yako


17 Aprili

Mama Fundi, shikamoo.

Nakuandikia wewe peke yako. Usimsomee Bibi hii.

Sielewi barua yake. Nimeisoma kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga. Kuna mahali naona ameshajua na amenisamehe; nikirudia, naona hajui lolote, anangoja picha yake ya greda. Anasema nije na brashi. Brashi ya nini, Mama? Anajua ninachokuja nacho?

Nakuomba uniambie ukweli. Tunafika huko Alhamisi ya wiki ijayo.

Makaa


20 Aprili

Mwanangu Makaa,

Marahaba. Nimempa dereva wa lori la maji barua hii akupe mkononi, maana posta itachelewa.

Sikumsomea. Nilianza vizuri. Nilipofika "sasa lenyewe" nikainua macho, nikamwona ameshika shati la mteja kifuani, anatabasamu, anangoja habari zako kama mtoto anayengoja kuvalishwa. Nikasema, "Anakusalimu wewe na goti lako." Nikarudia mara mbili ili ukurasa uishe.

Na kuna jingine, nakuambia kwa aibu. Upande wangu umebaki. Ningemsomeaje mimi, niliyekaa ng'ambo na cherehani langu, kwamba nyumba yako inakwenda na yangu inabaki? Tumeangaliana milango miaka thelathini. Angenitazama, na mimi ningeitazama miguu yangu.

Hajui kitu. Ukuta anaousema ni wa picha. Ameupangusa, ameweka stuli ya kusimamia, kila akisikia gari anachungulia. Anataka umchore juu ya greda, ndiyo maana anasema asiuguse mwingine.

Ukija na ndoo nyekundu, mwanangu, sijui moyo wake utafanya nini. Sikushauri uje, sikushauri usije. Mimi mwenyewe sijui ninachokiandika.

Mama Fundi


22 Aprili

Bibi, shikamoo.

Samahani. Nimehamishiwa njia nyingine, mbali kidogo, sitaweza kupita hapo kama nilivyotarajia. Tena tumbo limekuwa likinisumbua. Usiningoje, na godoro lirudishe ndani lisije likanyeshewa.

Wakija watu wa barabara wasikilize tu, usibishane nao.

Nitakuandikia.

Makaa


20 Mei

Makaa,

Leo hakuna "mume wangu mdogo". Kaa hivyo hivyo usome.

Anaandika Mama Fundi, na nimekaa karibu yake nahesabu mistari. Nikisema maneno mengi na mistari ikawa michache, namsukuma bega. Ameshanieleza yote, ya kurasa mbili, ya barua ya siri, ya lori la maji. Alilia mpaka nikampa khanga yangu apengee. Nikamwambia, acha kulia, mimi nilijua.

Ndiyo. Nilijua! Kusoma sijui, kuhesabu karatasi najua. Salamu haziwezi kujaza kurasa mbili mbele na nyuma, hata mtu akikusalimia usiku kucha. Na mafua gani yale yanayoanza katikati ya barua? Tena vigingi vimesimama upande wetu huu peke yake, mimi nina macho. Na muuza mkaa ana ndugu yake huko ulikopita. Alisema nyumba ya ndugu yake ilipigwa X na kijana mrefu mwembamba anayeomba radhi kwenye kila mlango. Nikamuuliza, ana kovu kidevuni? Akasema analo. Hilo kovu ulilipata kwenye ngazi yangu.

Nilinyamaza kwa sababu niliona wenzangu mnahangaika kunificha, nikasema wacha wanifiche, labda inawapunguzia uchungu. Lakini nilikuambia. Mbona nilikuambia! Nilisema mkono utakaotia rangi ukuta wangu uwe wako. Ulidhani nasema picha? Picha gani mimi, na vigingi mlangoni! Nilikuwa nasema hiyo hiyo X. Nilitaka uje uipige wewe. Nikuwekee stuli, nikushikie ndoo, upige mistari yako miwili pembeni, umwache kuku. Kisha tungekula, ungelala kwenye lile godoro, na kesho yake tungetoa vyombo pamoja. Nyumba ingekufa mikononi mwa watu wake.

Alikuja mwingine. Kitumbo mbele, redio mfukoni inaimba. Nikamuuliza, "Yule Makaa yuko wapi?" Akasema, "Amezidiwa na tumbo, bibi, amebaki nyumba ya wageni." Kumbe hata hiyo njia nyingine hukuhamishiwa! Ulikuwa pale mjini, mwendo wa nusu saa, umejifunika shuka. Shuka lenyewe labda nililifua mimi.

Nikamwambia yule kijana, tafadhali, weka X yako huku, usimguse kuku. Akauliza, "Kuku gani?" Nikafunua kitambaa. Akatazama, akacheka, akasema, "Huyu ana miguu mitano." Nikamwambia anakimbia. Akasema, "Hakufika." Akapiga juu yake hasa, katikati, mstari mmoja umepinda, rangi inachuruzika mpaka sakafuni. Mimi, Makaa! Mimi niliyewahi kumrudisha mtoza ushuru mbio mpaka akaacha kiatu, nilisimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyetumwa dukani akasahau cha kununua.

Asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga walisema, na mimi nimeona.

Tingatinga lilikuja siku ya tisa. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana dereva, matusi nimeyapanga, mengine mapya kabisa. Dereva akateremka, akavua kofia. Mwanamke! Binti, wa umri wako. Akanipigia shikamoo. Matusi yote yakaniishia. Nikamtazama mikono, ina mafuta mpaka kwenye viwiko. Nikamuuliza, "Mwanangu, lile linaendeshwaje?" Akadhani nimechanganyikiwa. Kisha akanieleza: mkono huu unainua, huu unasukuma, mguu unakanyaga hapa. Nikamuuliza kama utotoni alilitaka. Akasema, "Hapana, bibi. Nilitaka kuwa mwalimu." Tukacheka sote wawili, sijui tulicheka nini. Halafu akauliza kama yuko tayari mwenye nyumba. Nikamwambia ndiye mimi, vunja vizuri, usiitese.

Ilichukua muda wa kupiga pasi mashati mawili.

Fundi mwashi wa mtaani kwetu alikuwa amejaribu jana yake kumkata kuku atoke mzima. Ukuta wa udongo haujui kukatwa. Ulimvunjikia mikononi vipande vipande, akawa anasema "Pole mama, pole mama," na kila pole kipande kinaanguka. Kilichobaki kizima ni kipande cha ukubwa wa kiganja, kina mguu mmoja. Mwashi anasema hajui ni mguu wa ngapi. Mimi nasema ni ule wa tano.

Nalala chumba cha nyuma cha Mama Fundi. Meza ya pasi tumeiweka chini ya dirisha lake. Nikiinua macho naona ng'ambo pale palipokuwa pangu, pamesawazishwa, hapana hata shimo. Wamepalainisha kuliko ninavyolainisha mimi.

Sasa sikiliza. Sikukasirikia X. X ulitumwa. Nimekasirikia shuka. Uliniachia mtu mwenye redio.

Mama Fundi alitaka kukufungia kile kipande humu kwenye bahasha, nikamkataza. Mguu huo ndio wa kukimbilia, na wewe umeshakimbia vya kutosha. Upo kwenye kopo langu la vifungo. Wewe una hiyo miguu miwili uliyozaliwa nayo. Itumie hiyo, uje uuchukue.

Na bilauri ya yule mama, ipitie njiani uirudishe.

Bibi yako

*Nimeandika kila neno. Amehesabu.* — Mama Fundi